Gurudumu Lililokataa Kusimama

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na usiogope kama hujawahi kushika spana maishani mwako. Nitakwenda polepole. Ukipotea njiani, kosa ni la mwelezaji.

Fikiria pikipiki imesimamishwa kwenye stendi kubwa, ile inayoinua gurudumu la nyuma lisiguse ardhi. Injini inaunguruma. Umebana klachi, yaani umeuvuta ule mkono wa kushoto wa usukani mpaka mwisho, halafu umeingiza gia namba moja. Kwa kuwa klachi umeibana, injini imeachana na gurudumu. Gurudumu linaweza kujizungusha kivivu kama oili bado ni ya baridi, na huo si ugonjwa. Ukigusa breki linatulia, na injini haina habari.

Pikipiki ya marehemu kaka yangu ilikuwa haitulii. Nilibana klachi, nikaingiza gia kwa kuikanyaga kwa nguvu, na gurudumu la nyuma likaanza kwenda kana kwamba kuna mtu amekaa juu na ana safari yake. Nikakanyaga breki. Injini ikalalamika, ikapunguza sauti, ikataka kuzima, lakini bado ilikuwa inasukuma. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Aliacha kuchambua.

"Mmeona?" alisema bila kupaza sauti. "Bado anakwenda."

Kaka alifia kitandani, kwa homa iliyomchukua haraka kuliko akili zetu zilivyoweza kufuata. Nasema hivyo ili ujue kwamba pikipiki haikuwa na hatia. Haikumwangusha, haikumgonga. Ilikuwa imesimama uani, chini ya dirisha la chumba alichougulia, na siku ya mwisho aliomba tu tuigeuze, itazame barabarani. Tuliigeuza. Hatukumuuliza kwa nini.

Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa kwenye njia ya magharibi, ile inayotoka Tabora kuelekea Urambo. Asubuhi alimpakia mkewe, shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha upande huo. Akishamshusha, aliendelea hadi vijiji vya Ulyankulu kuchukua asali kwenye ndoo. Jioni alimpitia, wakarudi pamoja Gongoni, kwenye nyumba yao iliyopakana na karakana yangu. Watoto walikuwa wakiisikia pikipiki ikibadilisha gia pale kona ya duka la nguo, wanakimbilia nje kabla haijatokeza.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko lami na kuliko reli. Babu zetu waliipita wakiwa na mizigo ya watu wengine vichwani, kwenda pwani na kurudi, na si wote waliorudi. Kaka alikuwa na mazoea yake huko. Akifika mahali fulani baada ya mji kuisha, ambapo barabara mpya inaiacha ile ya zamani na unaona kijia kikiingia msituni peke yake, alisimama na kuzima injini.

"Sikiliza," aliniambia siku moja alipokuwa amenipakia.

"Upepo huo."

"Upepo hauna miguu, bwana mdogo. Hao ni watu. Wengi, na wamechoka."

Nilimwambia ale ashibe kabla ya safari, ataacha kusikia vitu. Akacheka, akapiga kiki, tukaondoka.

Baada ya mazishi, jambo lililokuwa mbele ya familia lilikuwa moja, nalo ni shemeji atafikaje kazini. Alijua kuendesha, kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja wa mpira, akimfokea na kumsifu kwa pumzi ile ile. Akiwa na pikipiki, angeendelea kulala Gongoni na watoto wake na kwenda kufundisha asubuhi. Bila pikipiki, ilibidi ahamie kijijini kwenye chumba cha walimu, ambacho ni kimoja na cha kushirikiana. Wakubwa wangebaki kwangu ili wasiache shule zao, na yule mdogo, ambaye bado alikuwa anashika kanga ya mama yake anapotembea, angechukuliwa na shangazi kwenda Urambo. Hakuna aliyependa mpango huo. Lakini ulishasemwa, na jambo likishasemwa mbele ya wazee linaanza kujiona lina haki ya kutokea.

Sisi ni watu wa kanisani, tunaimba tenzi na kumwita mchungaji. Lakini vitu vya marehemu kwetu vina utaratibu wake. Vinakaa kama alivyoviacha mpaka siku ya kuanua matanga, na siku hiyo ndipo wazee wanasema kipi kiende kwa nani. Matanga ya kaka yalipangwa kuanuliwa Jumamosi. Shangazi ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli, na tangu siku ya kwanza alikuwa ametoa amri moja ndogo: alichokifunga marehemu kisifunguliwe. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda na kamba zimefungwa kama alivyovivua. Gunia la nguo zake za kazi lilining'inia ukutani na fundo lake. Hata kamba ya kufungia ndoo za asali, nyuma ya kiti cha pikipiki, iliachwa ilivyo. Shemeji alipokuwa akiendesha, ncha ya kamba hiyo ilikuwa inampiga mgongoni taratibu, na hakuitoa.

Amri nyingine ilikuja baadaye, na hii ndiyo iliyotutia hofu. Shangazi alisema kitu kikimkataa mjane, kisibaki nyumbani. Kiuzwe mbali, kwa mtu asiyemjua marehemu.

Na pikipiki ilianza kukataa.

Mara ya kwanza shemeji alipoipeleka kazini, kwa ruhusa ya shangazi maana shule haingoji matanga, ilimshinda kwenye mchanga. Aliongeza moto, injini ikapiga kelele, pikipiki ikabaki palepale. Aliirudisha kwa kuikokota sehemu kubwa ya njia. Nilipomsikia akieleza nilijua ni nini, hata nikafurahi, maana ilikuwa na dawa. Ngoja nikueleze na wewe.

Klachi, ndani ya injini, ni kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti. Kuna sahani zenye ngozi ngumu ya kushika, na kati yake sahani za chuma tupu. Zote mafundi tunaziita pleti. Moja ngozi, moja chuma, moja ngozi, moja chuma. Juu yake kuna springi zinazozikandamiza zishikane. Zikishikana, nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu. Ukibana klachi, waya unavuta, springi zinashindwa, pleti zinaachana, na hapo ndipo unaweza kubadilisha gia kwa amani. Miaka ikipita ngozi inalika, chapati zinakuwa nyembamba, zinateleza. Injini inapiga kelele, gurudumu halina nguvu. Ndicho kilichompata shemeji mchangani.

Kuifungua injini hakuna aliyelalamika. Injini nilikuwa naifunga mimi siku zote, kwa hiyo haikuwa na fundo la marehemu. Nilinunua pleti mpya na springi mpya mjini. Hazikuwa za kiwanda kilichoitengeneza pikipiki. Zilikuwa zile za dukani zinazoingia kwenye pikipiki za aina nyingi. Usizidharau, zina kazi yake, ila zinataka uangalifu. Nilizilowesha kwenye oili tangu jana yake, nikafungua kava la upande wa kulia, nikazipanga, nikafunga. Ile ya shemeji ilikuwa pikipiki rahisi: pleti ziko kulia, waya wa klachi unaingilia kushoto. Unaweza kubadilisha kila kitu ndani bila hata kuugusa waya.

Nikaiwasha. Haikuteleza tena, ilivuta vizuri. Lakini gia zikawa ngumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Namba moja iliingia kwa mlio wa chuma. Kutoka namba moja kwenda mbili ilibidi ukanyage mpaka kifundo cha mguu kianze kuuma. Na ile fri, pale katikati ambapo injini haijashika gia yoyote, haikupatikana kabisa injini ikiwa inawaka. Ukizima, gia zilipita zenyewe kama kisu kwenye siagi.

Kumbuka hilo la mwisho, ni msaada mkubwa. Gia zikiwa laini injini imezimwa na ngumu ikiwa inawaka, ugonjwa hauko kwenye gia. Ni klachi haiachii.

Nilijua hivyo. Nilijua na bado nilihangaika. Nilimwaga oili nikaweka nyingine. Nikafungua tena kava, nikatazama kama pleti za chuma zimepinda, nikazilaza juu ya kioo moja moja, zilikuwa zimenyooka. Nikatazama kikombe cha klachi, mahali meno ya pleti yanapokaa, maana kikombe kikiwa na makovu pleti zinanasa. Nikayasugua makovu kwa tupa mpaka yakawa laini. Nikarudisha springi za zamani nikidhani mpya ni ngumu mno. Nikakaza bolti zake kwa kupishana, kidogo kidogo, ili zikandamize sawasawa. Kila nilipomaliza, niliipandisha kwenye stendi, nikabana klachi, nikaingiza gia. Gurudumu likaenda.

Watu waliokuwa msibani waliacha kuketi upande ule wa ua. Walisogeza tu mikeka.

Alasiri moja niliichukua niijaribu barabarani, upande wa magharibi, nione kama ikipata moto italegea. Nataka nikueleze hili kama lilivyokuwa, bila kuongeza. Kila nilipobadilisha gia nilihisi kuna mguu mwingine chini ya mguu wangu, unaokanyaga kinyume. Nilipofika pale kijia cha zamani kinapoingia msituni nikataka kusimama. Nikabana klachi mpaka vidole vikagusa mpini. Pikipiki haikusimama. Ilitambaa mbele, taratibu, kama ng'ombe anayejua zizi lake, ikiniacha nivute klachi yote na bado inakwenda, na usukani ulikuwa umeelekea kijiani. Nikazima injini.

Kukawa kimya. Kisha nikasikia ninachoamini ni majani makavu. Sikukaa kuhakikisha. Niligeuza pikipiki kwa kuisukuma, nikapiga kiki, nikarudi mjini na gia moja tu, injini ikilia njia nzima.

Shangazi aliniona nikiingia. "Ulikwenda naye?"

"Nilikwenda peke yangu, shangazi."

"Mbona umerudi na jasho la watu wawili?"

Jioni hiyo alisema mbele ya wote kwamba Jumamosi itakuwa siku ya kuiaga pikipiki. Kuna mtu wa Nzega anaweza kuichukua. Shemeji alikuwa anamnyonyoa kuku. Hakuinua uso. Alinyonyoa mahali palepale mpaka ngozi ikachanika.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja karakana akiwa na chai yangu. Aliiweka kwenye benchi, akaenda akaikalia pikipiki, injini imezimwa, mikono yote miwili juu ya usukani. Nilidhani anaiaga. Akawa anauvuta mkono wa klachi na kuuachia, anauvuta na kuuachia.

"Shemeji, mbona huku mwanzo unakuja bure?"

"Bure vipi?"

"Hauna uzito. Unakuja bure mpaka hapa, ndipo unaanza kukaza. Zamani ulikuwa unakaza mapema. Aliponifundisha alinipigia kelele sana kwa hilo, nisiguse hata kidogo kama sitaki kubana."

Niliacha chai. Niliuvuta mwenyewe. Kweli, zaidi ya nusu ya safari ya mkono ule ilikuwa hewa. Na mimi nilikuwa nimeshaushika mara zisizo na idadi bila kuuona ulegevu huo, kwa sababu macho yangu yalikuwa ndani ya injini.

Nikafuata waya kwa kidole, kutoka usukanini, chini ya tangi, mpaka unapofika kwenye injini upande wa kushoto. Pale kuna bolti ndogo yenye nati mbili, ndiyo ya kurekebishia urefu wa waya. Kuna nyingine juu, usukanini, ila ilishakufa meno zamani. Hii ya chini ndiyo iliyokuwa hai. Na ilikuwa imezungushiwa kipande cha mpira wa tairi ya ndani, kuzuia mchanga, kikafungwa fundo. Fundo la kaka.

Hapo nilielewa yote kwa mara moja, na nitakuelewesha na wewe. Pleti zinapolika, waya wa klachi unajikaza wenyewe kidogo kidogo. Mpandaji mwangalifu anaufuata kwa kuulegeza, leo robo ya mzunguko, baada ya miezi robo nyingine. Kaka alikuwa ameulegeza miaka yote ile, kulingana na pleti zilizokuwa zinaisha. Mimi nikaweka pleti mpya, nene, lakini waya nikauacha umelegea kwa kipimo cha pleti zilizokufa. Ndiyo maana hata ukibana mpaka mwisho, pleti zinaachana nusu tu. Gurudumu halikuwa linaendeshwa na mtu. Lilikuwa linaendeshwa na urekebishaji wake, uliobaki palepale alipouacha.

Sijui kama maelezo hayo yalinifariji. Mtu aliyegusa nati mara ya mwisho alikuwa yeye, na kila nilichokihisi mguuni siku ile barabarani kilikuwa, kwa njia moja au nyingine, ni mkono wake.

Na kwa nini fundi mzima hakuitazama nati hiyo mwanzoni? Kwa sababu ilikuwa ndani ya fundo, na fundo halifunguliwi, na kitu ambacho hukigusi baada ya siku chache unaacha hata kukiona. Nadhani fundi wa ukoo mwingine angelikata kwa kisu siku ya kwanza.

Nilimwendea shangazi. Nilimweleza klachi kama nilivyokueleza wewe, na chapati zote. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa haki.

"Kwa hiyo lazima lifunguliwe kabla ya kesho," alisema.

"Ndiyo, shangazi. Kesho wazee wakiiona inakwenda yenyewe, imeshauzwa."

"Wewe huwezi kulifungua. Wewe ni damu yake. Wala mkewe." Akakaza kanga yake kiunoni. "Lakini babu zetu njiani walikuwa wanafanyaje? Mpagazi akifa na mzigo umefungwa kwa kamba zake, ndugu zake hawakuugusa. Na mzigo hauwezi kubaki porini. Bibi yangu alikuwa anasema alikuwepo mtani. Mtani ndiye anafungua, huku anatukana, mzigo unakwenda kwa mwingine."

Tukatazamana. Mtani tulikuwa naye nyumba ya tatu: mama wa Kigogo, kabila tunalotaniana nalo tangu zamani, muuza karanga, ambaye siku ya mazishi alivaa helmeti ya kaka na kukaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya ua, akakiendesha kwa mdomo, akapiga honi, akamwiga kaka anavyowasalimia polisi, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka wakilia. Shemeji alikwenda kumwita.

Tulimsikia kabla hajafika.

"Hodi, wala michembe, wala viazi vikavu! Nasikia maiti wenu amewashinda, anaendesha pikipiki!"

"Karibu, mtu wa ukame," alijibu shangazi. "Umefuata maneno au umefuata maji?"

"Nimefuata mali yangu. Huyu aliyekufa alikuwa mtu wangu, nyinyi mlikuwa mnamlisha tu." Akainama kwenye injini. "Hili ndilo? Fundo lenyewe hili? Wanyamwezi wazima, mabega mapana, mlibeba pembe mpaka baharini, mmeshindwa na kipande cha tairi?"

"Tumekuita utusaidie, mtani," nilisema. "Nitakuelekeza."

"Nielekeze taratibu, sikusomea uchafu."

Fundo liligoma vidoleni mwake. Akapiga magoti, akaling'ata kwa meno ya pembeni, akavuta. "Alikuwa anafunga kama anayeogopa injini itatoroka," alisema mpira ukiwa mdomoni. Tulicheka. Kisha fundo likaachia, akauviringua mpira, na kicheko kikaisha bila mtu kukikatisha.

Chini yake bolti ilikuwa safi, imepakwa grisi, inang'aa. Nati ilikuwa imekaa mwisho kabisa. Na nyuma yake, kwenye meno ya bolti, kulikuwa na alama hafifu, moja baada ya nyingine, kila mahali ilipowahi kukaa kabla ya kusogezwa. Kila alama ilikuwa asubuhi moja ambayo kaka aliinama hapo, mkewe akisubiri na vitabu kifuani. Shemeji aliziona. Alinyoosha kidole, akakirudisha.

"Spana ipi?" aliuliza mtani. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hiyo ndogo. Legeza nati ya mbele kwanza, hiyo ni ya kufungia tu. Sasa zungusha hii ya nyuma, kuelekea kwako. Vizuri. Endelea, usiogope, huwezi kuivunja. Shemeji, wewe kaa juu, uvute mkono wa klachi utuambie."

"Bado unakuja bure," alisema shemeji.

"Ongeza, mtani."

"Naongeza. Kesho nafungua karakana hapo mbele, nakuchukulia wateja wote, utauza karanga wewe."

"Umeanza kukaza," alisema shemeji. "Hapa. Hapa ndipo alipokuwa anataka."

"Acha hapo. Rudisha ile ya mbele, ikaze."

Nikapiga kiki. Shemeji akabana klachi, akagusa gia kwa ncha ya kiatu. Ikaingia kwa mlio mdogo, kama kufuli la sanduku. Gurudumu lilijizungusha kidogo. Akakanyaga breki. Likasimama, na injini ikaendelea kuunguruma bila habari.

Tulilitazama. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo kwa nguvu zangu zote, na lilipokuja nilitamani lizunguke tena mara moja tu.

"Kwa hiyo ameshuka?" aliuliza shemeji.

Mtani ndiye aliyejibu. "Ameshuka. Abiria mbishi yule." Akajifuta uso kwa kile kipande cha mpira, akabaki na mstari mweusi wa grisi kutoka jichoni mpaka kidevuni, na hakuna aliyemwambia. Mpira aliondoka nao, ulikuwa haki yake.

Jumamosi, baada ya sala na baada ya watu kunyolewa, shangazi alimwambia shemeji aendeshe mpaka barabarani na kurudi mbele ya wazee wote. Alikwenda. Tulisikia namba moja, mbili, tatu, akageuza, akarudi, akaweka fri bila kutazama chini. Mzee mmoja aliuliza kama ndiyo ile pikipiki iliyosemwa. Shangazi akasema ndiyo, imenyamaza, na ufunguo akauweka kwenye kiganja cha shemeji na kukifunga kwa mikono yake miwili. Yule mtoto mdogo hakwenda Urambo.

Sasa shemeji anapita mbele ya karakana kila asubuhi na watoto wote wanalala kwake. Juzi alisimama, akasema klachi imeanza kukaza mno, akaomba spana ndogo. Nilimpa, sikumsaidia. Aliinama akalegeza robo ya mzunguko, na nikaona nati ikirudi upande ule ule, ikikaribia alama ya kwanza ya kaka. Pleti zikiendelea kulika atafika kwenye zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa bolti. Alijifuta mikono, akapanda, akachelewa kidogo kuwasha.

Basi wewe, ukishafunga pleti mpya, kabla hujawasha injini vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Ukiona ncha yake inakuja bure zaidi ya upana wa kidole, legeza nati ya kufungia, zungusha ile ya kurekebishia mpaka ubaki upana wa kidole tu, kisha kaza.